Mdogo wangu ameokoka, na sasa anamtaka mtoto

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu waliookoka, Bwana asifiwe. Wenzetu Waislamu asalaam aleikum, maana hili jambo hata ninyi mna la kusema.

Mimi ni mama wa makamo, naishi Kigoma mjini, biashara yangu ni dagaa na mawese. Dagaa nachukua mwalo wa Kibirizi, naanika, nafunga, mzigo unapanda kwenda Dar es Salaam. Ni Mkatoliki, siyo wa kupigiwa mfano, ila Jumapili sikosi na kwenye jumuiya wananijua. Naandika huku kwa sababu kila aliye karibu nami ameshachagua upande. Nataka kumsikia mtu asiyemjua mdogo wangu wala mimi.

Mdogo wangu wa kiume, tumbo moja, amekunywa gongo miaka mingi. Sizungumzii bia mbili za Jumamosi. Wavuvi wa dagaa mnawajua: usiku wa giza wanaingia ziwani na taa zao, mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaijali taa, basi watu wanabaki nchi kavu na hela mfukoni na usiku mrefu mbele yao. Wauza gongo wanaijua kalenda ya mwezi kuliko sisi wote. Alianza hivyo, mbalamwezi tu. Baadaye na siku za giza zikaingia. Mwisho vyombo vikaacha kumchukua, maana nani atampa kamba ya wavu mtu anayetetemeka mikono, usiku, katikati ya Tanganyika?

Mkewe alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Nikamchukua mimi. Leo yuko darasa la nne, ananiita mama. Anajua kuwa mimi ni shangazi yake, sijamficha, lakini mama ndilo alilolizoea na mimi ndilo nililolizoea.

Sitayataja yote aliyofanya. Mashine ya mtumbwi aliyoiacha marehemu baba iliuzwa, nyavu zikafuata. Lililonikaa moyoni ni hela ya kikoba. Nilikopa ninunue mzigo wakati dagaa wameshuka bei, hela nikaificha kwenye ndoo ya mchele, na yeye alikuwa analala kwangu. Hakubakiza hata nauli. Wenzangu wa kikoba walivyoona marejesho hayaji wakaja mchana kweupe, majirani wametoka nje kutazama, wakabeba kitanda, makochi na jiko la gesi. Siwalaumu, ndiyo katiba yetu, hata mimi nimeshawahi kwenda kubeba vya mtu. Mtoto siku hiyo alikuwa na homa, tukalala naye kwenye mkeka. Deni nililimaliza nikiuza mawese ya kupima kwenye chupa za soda kama binti anayeanza maisha.

Mwanzoni mwa 2024 akaingia kwenye mkutano wa Injili pale Mwanga. Mwenyewe anasema aliingia kwa sababu aliona viti. Wakaitwa mbele wenye mizigo, akaenda, akaombewa, akaokoka. Usiku uleule alimwaga chupa aliyokuwa nayo.

Siku ya pili akaanza kutoka jasho na kutetemeka, chakula hakikai tumboni. Usiku wa siku ya tatu akawa anafukuza siafu ukutani ambao sisi hatuwaoni, mara akaanguka na kukakamaa, povu mdomoni. Wapendwa wa kanisani waliokuwa wamekuja kumsindikiza kwa maombi wakasema mapepo yanatoka, tukemee. Nikawaambia kemeeni, mimi naita bajaji. Hospitalini daktari akaniambia jambo ambalo natamani kila mhubiri wa mikutano alijue: mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu akikata ghafla anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa katika siku mbili tatu za mwanzo, na wengine wanakufa hapo. Ubongo ulishazoea kutulizwa na pombe, ukiachiwa ghafla unafyatuka. Kuacha ni kuzuri, ila mtu kama huyo anatakiwa awe chini ya jicho la wataalamu, apewe dawa za kutuliza ambazo baadaye wanazipunguza kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1, kwa kuwa mlevi hali chakula vizuri. Akalazwa. Mimi nikatandika kanga chini ya kitanda chake.

Sibishani na mtu kuhusu nani alimponya. Kwa imani yangu Mungu alikuwa pale Mwanga na alikuwa kwenye dripu pia. Ila ushuhuda wake nimeusikia, ameutoa mpaka Kasulu, na hospitali haimo. Bajaji haimo. Hela ya kikoba haimo. Kuna gongo, kuna Yesu, halafu makofi.

Sasa na mimi nimpe haki yake. Amebadilika, na siyo kwa maneno. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka uleule, wanaume wengi wasio na kazi waliishia kwenye gongo, hata wasiokuwa walevi. Yeye alikwenda kufyatua tofali. Mwili hauna nguvu, mikono imechubuka, jioni anapita kwangu anakula ugali wa muhogo, anashukuru, anaondoka. Kanisani kwao wana kikundi cha waliokuwa walevi na wavuta bangi. Wanakutana kila wiki, na mbalamwezi ikikaribia wanapigiana simu usiku, "uko wapi, umekula, njoo tukeshe." Hilo naliheshimu sana. Parokiani kwetu tuna kwaya tatu na hatuna kitu kama hicho. Siku hizi amerudi ziwani, ananiletea migebuka bila kuombwa, bati lililokuwa linavuja amelibadilisha. Nikimtazama usoni namwona yule mtoto niliyekuwa nikimbeba mgongoni kule Ujiji.

Kwa hiyo msinijibu kwamba nina kinyongo na wokovu wake. Nilimwombea rozari kwa miaka mingi. Nilichokiomba nimepewa.

Shida ni hii. Anaoa Desemba. Binti ni mwanakwaya wa huko kwao, mpole, sina neno naye, ila hajawahi kumwona amelewa hata siku moja. Wanataka Januari shule zikifunguliwa mtoto awe kwao. Mchungaji alikuja nyumbani na wazee wawili wa kanisa kunieleza, wakaketi, wakanywa chai, wakafungua Wakorintho wa Pili sura ya 5, kwamba mtu akiwa ndani ya Kristo ni kiumbe kipya na ya kale yamepita. Nikawauliza kwa adabu, yamepita kwa nani? Maana kwangu mimi kitanda nilichonunua tena bado ninakilalia.

Mchungaji akasema Mungu amekwisha kumsamehe, sisi ni nani. Labda ni kwa sababu nimekulia kwenye kitubio. Kwetu ukishaungama padri anakupa malipizi, na kama uliiba anakwambia rudisha. Siyo kwamba unanunua msamaha, msamaha umeshapewa bure. Ila mwenye kuibiwa naye yupo, anapumua, ana sura. Hata Zakayo wa Luka 19, hakuna aliyemdai pale mezani. Alisimama mwenyewe akasema nusu ya mali kwa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Na Paulo alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni hakuandika kwamba ya kale yamepita. Aliandika kwamba kama amekudhulumu au unamdai, kiandike juu yangu, mimi nitalipa. Nilimtazama mchungaji nikingoja aseme nimwandikie yeye. Akaomba sukari.

Na kweli silengi hela. Mvuvi anayejenga maisha upya nimdai mkopo wa kikoba wa miaka ile yote ili iweje? Ninachotaka ni aketi na mimi, sisi wawili, aseme dada nilichukua hela kwenye ndoo, ulibebewa vitu, mwanangu alilala chini ana homa. Nilipomgusia aliinamisha kichwa akasema, "Dada, hayo nilishayatubu mbele za Bwana." Nikakosa la kuongeza. Mtu akishasema mbele za Bwana, wewe utasema mbele za nani?

Mtoto mwenyewe nimeona nimtaje mwisho, na ndiye wa kwanza. Zamani baba yake alikuwa anakuja usiku anaimba, na wimbo ukisikika kwenye kona mtoto alikuwa anaingia uvunguni. Sasa anakuja anaimba pambio. Mtoto anasimamisha tonge, anasikiliza maneno kwanza, akishajua ni pambio anaendelea kula. Baba yake halijui hilo, au hajataka kulijua. Nilimuuliza mtoto angependa kuishi kwa baba? Akasema Jumamosi sawa, ila kulala alale hapa. Nilimpelekea baba yake maneno hayo, akasema mimi ndiye niliyemfundisha.

Jirani yangu mwalimu ananiambia nisiogope, Sheria ya Mtoto ya 2009 inatanguliza maslahi ya mtoto, niende kwa afisa ustawi wa jamii. Najua ofisi ilipo. Lakini nikimpeleka mdogo wangu kwenye ofisi mwaka aliosimama kwa miguu yake, hatutazikana. Paroko aliyenijua alihamishwa, huyu mpya bado tunasalimiana tu.

Halafu kuna neno la yule mzee wa kanisa wa pili, alilolisema wakati wanavaa viatu. Alisema, "Mama, ukimnyima mtoto akavunjika moyo akarudi kwenye pombe, utamjibu nini Mungu?" Tangu siku hiyo silali vizuri. Nimemlea, nimemlipia, nimemuuguza, na sasa hata akianguka kosa litakuwa langu? Lakini pia najiuliza, je, kama ni kweli? Wanaoacha wanasema mwaka mmoja na miwili ya mwanzo mtu ni rahisi kurudi. Hicho ndicho ninachokiogopa kwa mtoto, na ndicho hichohicho wanachonitishia nacho.

Naombeni hasa walioacha pombe na wakabaki wameacha. Ninyi wenyewe mlijua lini kwamba mnaweza kubaki na mtoto usiku, nyumba imefungwa, mbalamwezi nje? Kuna mtu wenu wa nyumbani aliyewadai maneno, siyo hela, na alianzaje hata msimwone kama anayewafukulia makaburi? Nimefikiria nimwambie aje kulala hapa kwangu na mkewe mwisho wa wiki, mtoto awazoee, mwaka mzima, ndipo tuzungumze habari ya kuhama. Mume wa rafiki yangu anasema huko ni kumdhalilisha mwanaume aliyeoa. Wanawake niliowauliza wote wamesema ni sawa, kwa hiyo bado sina jibu.

Na walokole mliomo humu, naombeni msinitumie mistari ya kusamehe, ninayo. Kama kanisani kwenu mtu huwa anasaidiwa kurudi kwa aliowakosea, nielezeni mnafanyaje, nani anakwenda naye, anasema nini akifika, ili nimpelekee mchungaji wake kama jambo linalofanyika kwa wenzao na siyo la Mkatoliki mkaidi.

Watarudi Jumapili ya pili ya mwezi ujao kuchukua jibu.

Dada mtu,
Kigoma