Lile Gari Ulilolikuta Sokoni Kondoa

Dodoma, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa Neema,

Barua yako niliipata Alhamisi, na nimefurahi kusikia kwamba kikohozi kimekwisha na masomo yanakwenda vizuri. Mambo ya ada na godoro mama yako atakujibu mwenyewe. Mimi nimejitengea karatasi hii yote kwa ajili ya swali ulilolificha mwishoni, chini ya jina lako, kana kwamba lilikuwa jambo dogo: ile Land Rover kuukuu uliyoikuta sokoni Kondoa, yenye taa mbili zilizosogeleana kama macho ya mtu aliyesahau miwani nyumbani, ni ya mwaka gani?

Umefanya vyema kutaja taa, maana watu wengi wakieleza gari huishia kutaja rangi, na rangi ndiyo kitu cha kwanza ambacho fundi hubadilisha. Land Rover ya kwanza ilioneshwa hadharani mwaka 1948 katika maonesho ya magari ya Amsterdam, na kwa takriban miaka ishirini taa zake kubwa zilikaa katikati, karibu na wavu unaokinga rejeta. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndipo zilipohamishiwa pembeni, kwenye madigadi. Kwa hiyo gari uliloliona, kama hakuna fundi aliyelibadilisha sura, limepita nusu karne, na huenda lilikuwa likibeba watu kabla babu yako hajamwoa bibi yako.

Sasa tulibane zaidi. Unasema lina milango minne pembeni na mmoja nyuma. Hilo ni lile refu, na likiwa la toleo la pili basi ni lile ambalo wazee huliita kwa namba yake, 109, yaani inchi 109 kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, sawa na sentimita 277 hivi. Toleo la kwanza, lililotengenezwa hadi mwaka 1958, lina ubavu ulionyooka kama kabati la nguo. La pili lina ubavu uliovimba kidogo chini ya madirisha, na ukisimama nyuma ya gari utauona uvimbe huo ukienda kutoka mbele hadi nyuma. Kisha chungulia ndani. Saa za mwendo na mafuta zikiwa katikati ya dashibodi, mbali na usukani, hilo ni la toleo la kwanza au la pili. Zikiwa mbele ya dereva ni toleo la tatu, lililoanza mwaka 1971, na hapo itabidi tujiulize nani alilipachika uso wa zamani. Tazama pia bampa ya mbele: pale katikati, chini, utafute tundu la kupitishia hendeli, kwa sababu magari hayo yaliweza kuwashwa kwa kuzungushwa na mkono betri ilipokufa.

Lakini usianze kulizunguka gari la mtu kabla hujamwamkia mwenyewe. Mpe mzee shikamoo yake, mwambie baba yako anapenda magari ya aina hiyo, na uone kama hatakufungulia boneti bila kuombwa. Namba ya gari lake usiiandike kwenye daftari lako. Sisi tunatafuta gari, hatumtafuti mwenye gari. Isitoshe, namba haitakusaidia. Watu husema "namba A" wakimaanisha gari la zamani, ilhali herufi ile inaeleza tu gari limesajiliwa hapa nchini lini, siyo limetengenezwa lini.

Hilo la kudanganyika lilinipata mwenyewe wakati wa kikao cha Bunge kilichopita. Nilikuwa natembea karibu na Nyerere Square nikaona kigari kidogo cha rangi ya kijani kilichofifia, chenye paa jeupe na taa za mviringo, kimeegeshwa kwa unyenyekevu katikati ya mashangingi mawili. Niliapa moyoni kwamba ni cha miaka ya 1950. Niliposogea nikaona matundu ya kiyoyozi, na gia ya otomatiki, nikaona haya. Kilikuwa Nissan Figaro, kilichotengenezwa Japani mwaka 1991 kwa makusudi kifanane na magari ya zamani. Yalitengenezwa 20,000 tu, na waliotaka kununua walikuwa wengi kiasi kwamba wanunuzi walipatikana kwa bahati nasibu. Wapita njia walikuwa wakiyatazama yale mashangingi, jambo ambalo sikulielewa, kwa kuwa Bunge likikaa mashangingi hapa Dodoma ni kama zabibu za msimu.

Utaniuliza kwa nini huku kwetu magari ya kale yamebaki mengi kuliko nilivyoyaona miaka yote tuliyoishi Dar es Salaam. Sababu kubwa ni hewa. Kule upepo wa bahari una chumvi, na chuma hakilali. Hapa mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 600, tena karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, halafu nchi hukauka. Jua la Dodoma huchubua rangi, hupasua dashibodi na kuzifanya raba za milango kuwa kama biskuti, lakini kutu huenda polepole. Land Rover ina bahati ya ziada, kwa sababu bodi yake kwa sehemu kubwa ni ya aluminiamu. Baada ya vita kuu ya pili chuma kilikuwa adimu Uingereza, kikigawiwa kwa kibali, na watengenezaji wakatumia kilichopatikana. Chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, ndiyo ya chuma, na hiyo ndiyo huoza kwanza huku mabati yakiwa yangali mazima.

Wiki mbili zilizopita, nikiwa kwenye daladala kutoka Mtumba, tulisimama karibu na soko la Majengo, nikamwona mzee mmoja akisukumiza gunia la uwele ndani ya buti ya Peugeot 404, ile yenye mapezi mawili madogo nyuma kama ya samaki. Babu yako alikuwa akilitaja gari hilo kwa sauti ya chini, kama anayetaja ukoo wa kifalme, kwani lilishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966. Mwaka 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, kwa hiyo wazee wetu waliuhesabu ushindi ule kuwa wa nyumbani. Mzee wa uwele alipoingia ndani, mkono wake ulikwenda kwenye gia iliyo ubavuni mwa usukani, akaivuta kwake na kuishusha, gari likaondoka bila hata kukohoa. Kondakta alinigusa bega mara mbili akidai nauli kabla sijamsikia. Mama yako anasema mimi ndiye mtu pekee katika wizara nzima anayeyajua magari yote na asiye na hata moja, na sikuwa na jibu.

Ukirudi sokoni, nijibu mambo matatu: ubavu, saa za dashibodi na tundu la hendeli. Ndani ya bahasha hii nimeweka kipande cha sumaku nilichokitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Mzee akikuruhusu, kiguse mlango wake. Kikianguka, ni ile aluminiamu ya asili, na kikinata, ujue mlango umebadilishwa au umezibwa kwa bati la dukani. Usikiweke karibu na dira ya maabara.

Wako akupendaye,

Baba