Herufi kwanza: barua ya wazi kwa vijana wanaojifunza kuandika mabango kwa mkono

Marahaba, wanangu.

Nasikia mmekuwa wengi sasa, wa kike na wa kiume, mnaotafuta fundi wa kuwafundisha kuandika mabango kwa brashi. Wengine mmepitia vyuo vya ufundi vya VETA, ambako upakaji rangi na uandishi wa mabango hufundishwa pamoja. Wengine mmeanzia mtaani, mkichora nyuma ya madaftari ya shule. Mmenifurahisha sana. Na kwa kuwa siwezi kukaa barazani na kila mmoja wenu, nimeona niwaandikie wote kwa mara moja.

Neno langu kubwa ni hili: jifunzeni herufi kabla ya kitu kingine chochote. Najua mnapenda picha. Kichwa cha kinyozi chenye panki, kuku wa kukaanga, simba kwenye ubavu wa lori, hivyo ndivyo vinavyosifiwa na wapita njia. Lakini mwenye duka anakulipa ili mtu aliye ng'ambo ya barabara ajue hapa kunauzwa nini na apige simu namba gani, na hiyo ni kazi ya herufi. Nimewaona vijana wenye kipaji kikubwa cha kuchora ambao bango likifika kwenye maandishi wanamwita mwenzao, na fedha zinagawanywa. Mjue kuandika, picha zitakuja.

Msisubiri vifaa vya kutoka ng'ambo. Edward Said Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli, ile ile rangi ya mafuta inayong'aa ambayo sisi tunaandikia kwenye bati. Alifariki mwaka 1972, na picha za mtindo wake zimesambaa duniani. Kwenu nyinyi, brashi bapa mbili tatu za nywele laini zinatosha kuanzia, pamoja na chaki, uzi, rula ndefu, msasa na kopo moja la rangi nyeusi. Brashi msiibanie pesa. Brashi inayomwaga nywele itakuharibia kila herufi, na utadhani kosa ni la mkono wako.

Zoezi la kwanza halihitaji hata ubao. Chukua gazeti la zamani, ligeuze ubavu, na zile safu zake zitakuwa mistari yako ya juu na chini. Chovya brashi nusu ya nywele tu, kisha ipapase huku na huku juu ya kipande cha kigae mpaka ncha yake iwe bapa na kali. Gusa mstari wa juu, kandamiza kidogo nywele zitanuke, halafu vuta chini kwa mkono mzima kuanzia begani. Vidole vibaki vimetulia. Ukikaribia mstari wa chini, punguza nguvu na uizungushe brashi kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, ili mguu wa herufi ukatike mraba bila kurudia. Hiyo ni I. Jaza ukurasa mzima kwa I kabla hujaenda kwenye L, T, H na E. Kisha zije za mshazari, A, V, N, K. Za matumbo, kina O, C na D, ziwe baadaye, na kila tumbo lipigwe kwa mikupuo miwili, wa kushoto na wa kulia, inayokutana juu na chini. S iwe ya mwisho kabisa. Mkono mwingine ushike fimbo iliyofungwa kitambaa kichwani. Kichwa hicho kiegemee ukingo wa bango, na mkono unaoandika upumzike juu ya fimbo. Ukiandikia bango lililosimama bila kuegemea, baada ya nusu saa utaanza kutetemeka.

Macho nayo yana mambo yake. O ukiipima kwa rula iwe sawasawa na H, itaonekana fupi. Lazima ivuke mistari kidogo, juu na chini. Kijiti cha katikati cha E kikae juu kidogo ya nusu. S tumbo lake la juu ni dogo kuliko la chini: ligeuze gazeti juu chini uitazame S yoyote ya kichwa cha habari, utaona mara moja jinsi inavyoelemewa. Rula inakusaidia kuanza, lakini mwisho wa yote anayesoma ni jicho.

Sasa nafasi. Hapa ndipo mabango mengi ya mjini yanapoharibika: herufi zinaanza kwa majivuno upande wa kushoto, zikifika kulia zinabanana kama abiria wa jioni. Dawa yake ni hesabu ndogo kabla ya kufungua kopo. Tuseme mteja anataka neno KINYOZI kwenye bati la sentimita 120. Acha sentimita 15 kila upande, zinabaki 90. Herufi ya kawaida ihesabu moja, I ihesabu nusu, M na W moja na nusu. K, N, Y, O na Z ni tano, I mbili zinafanya moja, jumla sita. Gawanya 90 kwa 6, kila fungu lina sentimita 15, herufi pamoja na pumzi yake. Piga uzi wa chaki juu na chini, chora kwa chaki nyepesi, kisha rudi nyuma hatua kumi utazame.

Ukiwa kule nyuma utagundua kwamba hesabu peke yake haitoshi. I na N zina miguu wima inayotazamana, kwa hiyo zinaonekana zimesongamana; zitenganishe. Y na O zinaacha uwazi mkubwa chini kati yao, zisogeze karibu. Maneno yetu ya Kiswahili yamejaa A, na A ikikaa karibu na W, Y au V huacha shimo. WAKALA, KAWAIDA, NYAMA, hayo yafanyieni mazoezi mpaka macho yenu yaone shimo bila kuambiwa. Chaki inafutika kwa kitambaa, kwa hiyo futeni mara nyingi mtakavyo.

Ukubwa nao upimeni kwa umbali wa msomaji. Kanuni ya zamani ya mafundi ni inchi moja ya urefu wa herufi kwa kila futi kumi za umbali. Bango la kusomwa kutoka mita 30 linataka herufi za kama sentimita 25. Mteja atataka uandike jina, huduma zote kumi na mbili, aya na namba tatu za simu kwenye bati dogo. Mweleze kwa heshima, ukiwa na chaki mkononi, kwamba kitakachosomwa kutoka barabarani ni maneno mawili na namba moja. Mara nyingi akiona mchoro wa chaki anakubali mwenyewe.

Kuhusu kinachokaa chini ya rangi niwieni radhi nikirefusha, maana hakuna anayekiona wala kukisifia, lakini ndicho kinachoamua bango litadumu miaka mingapi. Bati jipya lina mafuta ya kiwandani na ngozi ya zinki. Ukipaka rangi ya mafuta moja kwa moja juu yake, baada ya muda rangi na zinki hutengeneza kitu kama sabuni chini kwa chini, na rangi inabanduka vipande vipande. Lioshe bati kwa sabuni na maji mengi, lifute kwa siki, lisuuze, likauke, kisha lipake praima, yaani rangi ya msingi, iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki. Pwani yetu hii yenye chumvi, kutu huanzia kwenye kingo na matundu ya misumari, kwa hiyo paka praima mpaka kwenye kingo, na toboa matundu kabla ya kupaka. Ukuta uliopigwa lipu juzi nao uache. Saruji mbichi ina ukali unaoila rangi ya mafuta. Upe angalau wiki nne. Mteja akikuharakisha, afadhali umwandikie kwa rangi ya maji, na umwambie wazi kwamba ni ya muda.

Jua letu nalo halina huruma. Nyekundu nyingi za bei nafuu hupauka haraka, nyeusi hubaki. Kwa hiyo jina likiwa jekundu kwa sababu mteja analipenda, namba ya simu iandike kwa nyeusi. Nyeusi juu ya njano inasomeka mbali kuliko karibu mchanganyiko wowote mwingine. Nyekundu juu ya bluu inacheza machoni, iacheni.

Mtaniuliza kuhusu mashine. Kweli, mabango ya kuchapwa kwenye plastiki yamechukua sehemu kubwa ya kazi, na kwa bei msishindane nayo, mtajiumiza. Lakini tembeeni mjini kwa macho ya fundi. Ukuta wa tofali usio laini hauchapwi. Mlango wa lori unaotakiwa uwe na jina la mmiliki na uzito wa gari, tela, ubao wa chakula wa mama lishe, jina la jahazi kwenye tezi, ramani ya Tanzania na herufi za a, e, i, o, u kwenye ukuta wa darasa la awali, hivyo vyote vinamtaka mtu aje na brashi. Hata ile "NYUMBA HII HAIUZWI", familia ikiwa kwenye mgogoro inaitaka ukutani leo leo, kubwa, na isiyong'oleka usiku. Shule ndizo ningewasihi mzifuate zaidi. Ukuta wa darasa unasomwa na mtoto kila siku kwa mwaka mzima, na herufi atakazoziona pale ndizo atakazoziiga.

Na yeyote kati yenu anayeweza kujifunza kompyuta, ajifunze. Aliyekwisha kuzoea nafasi za herufi kwa chaki hupanga vizuri hata kwenye kioo.

Ila msiweke mayai yote kwa mteja wa aina moja. Wenzetu wa Nairobi waliokuwa wakiishi kwa kupamba matatu waliyaona mwaka 2004, zilipoanza kanuni za John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi wa Kenya: magari yakatakiwa yawe na mstari wa njano na michoro ikaondolewa. Ilichukua miaka kama kumi kabla serikali haijalegeza na michoro kurudi. Fundi aliyekuwa anaandika pia maduka na shule alivuka. Wa matatu peke yake alibaki na brashi kavu. Kazi za makampuni ya simu nazo, za kupaka vibanda rangi na nembo moja mji mzima, zichukueni zikija, zinalipa. Lakini nyingi ni za kufuatisha karatasi iliyokatwa, na mkono haujifunzi kitu hapo. Jioni rudini kwenye gazeti.

Kabla hujaandika chochote cha mteja, mwandikie maneno yote kwenye karatasi, ayasome kwa sauti, namba ya simu aitaje tarakimu moja moja, kisha aweke sahihi. Kiswahili chake kikiwa na kasoro, mrekebishe kwa upole. KALIBU WATEJA ikipanda ukutani, itasemwa fundi hajui kusoma, hakuna atakayesema mteja ndiye aliyeandika hivyo. Kuweni na kamusi mfukoni au kwenye simu. Na arbuni ichukuliwe mapema, angalau itoshe rangi na bati, ili fedha yako mwenyewe isilale kwenye ukuta wa mtu.

La mwisho ni la miili yenu, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu sisi wazee hatukuambiwa. Rangi nyingi za mafuta, hasa za njano, za chungwa na nyekundu, zimekuwa zikitiwa madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto na mimba ndio wanaoumia zaidi. Kikomo ambacho Umoja wa Mataifa unapendekeza kwenye rangi ni sehemu 90 kwa milioni. Ulizeni dukani, someni kopo, nunueni iliyoandikwa kwamba haina risasi. Bango la zamani msilikwangue kikavu: lilowesheni, tumieni msasa wa maji, na vumbi lile lisiingie nyumbani na nguo zenu. Msile na mikono yenye rangi, msinyooshe ncha ya brashi kwa midomo. Mikono isafishwe kwa mafuta ya kupikia kisha sabuni, petroli isiguse ngozi. Matambara yenye rangi ya mafuta yatandazwe nje yakauke, kwa sababu yakirundikwa pembeni yanaweza kuwaka yenyewe. Dada zetu wajawazito wasikwangue kabisa. Kuna kazi ya kupima, kuchora kwa chaki na kupanga herufi, nayo ni ufundi kamili.

Mkimaliza kazi, osheni brashi kwa mafuta ya taa mpaka yatoke meupe, zipakeni mafuta ya mgando kidogo, zinyoosheni ncha kwa vidole, mzilaze. Zisisimamishwe kwenye kopo kichwa chini.

Walio tayari waanze na ukurasa wa I wiki hii. Waandike tarehe pembeni na wautunze, na wakifika kwenye S waniletee kurasa zote mbili nizitazame.

Wenu katika kazi,
Mzee wenu, fundi wa maandishi, Dar es Salaam