Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: jicho jeupe nalo huumwa

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KUSUBIRI JICHO LIWE JEKUNDU

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Barua zetu mbili za mwanzo zilijibiwa kwamba suala "linafanyiwa kazi". Tukashukuru, tukangoja. Wiki iliyopita tumeiona kazi yenyewe: waraka unaoagiza kwamba mtoto mwenye yabisi, ugonjwa wa viungo ule unaotokana na kinga ya mwili kumgeuka mwenyewe, asipelekwe kwa daktari wa macho mpaka jicho liwe jekundu au lianze kuuma. Sentensi fupi, inasomeka vizuri. Itapofusha watoto.

Uveitisi, yaani uvimbe wa ndani ya jicho, huwaingia watoto hawa kimyakimya. Jicho hubaki jeupe. Halina tongotongo, haliwashi, haliumi. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kulalamika kwamba anaona ukungu, kwa kuwa hajui wenzake wanaonaje. Wa kuugundua ni mtaalamu wa macho, kwa ile mashine ambayo mgonjwa huegemeza kidevu, inayopitisha mwanga mwembamba kama uzi mbele ya mboni. Hapo chembe za uvimbe huonekana zikielea katika maji ya jicho kama vumbi kwenye mwali wa jua. Huhesabiwa katika eneo la milimita 1 kwa 1: zikiwa 6 hadi 15 huandikwa 1+, zikipita 50 huandikwa 4+. Tochi ya muuguzi haizioni. Herufi za ukutani nazo mtoto anaweza kuzisoma zote huku chembe zimejaa.

Mzazi anapokuja kuona kitu kwa macho yake, mara nyingi ni madhara tayari. Mboni imepoteza uduara kwa sababu pete yenye rangi inayoizunguka imenata kwenye lenzi iliyo nyuma yake. Utando mweupe wa kalsiamu umetanda mbele ya jicho. Mtoto wa jicho ameshaota, au presha ya macho imepanda.

Tunahisi mwandishi wa waraka aliwafikiria watu wazima wenye yabisi ya uti wa mgongo, hasa wenye jeni ya HLA-B27, inayoambatana na yabisi hiyo. Kwao jicho hupiga kelele: hushikwa ghafla, mara nyingi moja tu, huwa jekundu, huuma, halivumilii mwanga, safari ijayo huenda likashikwa la pili. Labda pia kuna aliyetaka kupunguza foleni. Hata hao watu wazima, Mheshimiwa, hupewa matone ya antibiotiki wakidhaniwa wana macho mekundu ya kuambukizana, na siku za kutibu zinapotea. Hapa hakuna kijidudu cha kuua. Mwenye yabisi akija na jicho linalochukia mwanga bila tongotongo, apelekwe kwenye mashine siku hiyohiyo.

Wala hatuombi kila mtoto apimwe kila wiki. Walio hatarini zaidi wanajulikana: walioanza kuugua kabla ya miaka 7, wenye viungo vichache vilivyovimba, ambao kipimo cha damu cha ANA (kingamwili zinazougeukia mwili wenyewe) ni chanya, na wamo katika miaka 4 ya mwanzo ya ugonjwa. Hao ni kila miezi 3. Wengine wengi, kila miezi 6 hadi 12. Na tafadhali goti lisitumike kama kipimo cha jicho. Goti linaweza kutulia kabisa, mtoto akacheza mpira, na jicho likawa linaungua.

Kuna na jambo la chupa, ambalo uliahidi kulimaliza. Mgonjwa anaandikiwa matone ya prednisoloni ya asilimia 1, steroidi ya kutuliza uvimbe, tone kila saa mchana kutwa, kisha anapewa chupa moja ya mililita 5 ya mwezi mzima. Chupa hiyo ina karibu matone 100. Kwa saa 16 za kuwa macho, jicho moja humaliza chupa kwa siku sita. Yote mawili, kwa siku tatu. Dawa hii hupunguzwa ngazi kwa ngazi kwa wiki kadhaa, na ikikatika ghafla uvimbe hurudi. Halafu mgonjwa anaulizwa kwa nini hafuati maelekezo! Maelekezo yenyewe hayaandikwi popote: chupa itikiswe vizuri kwanza, kwa kuwa dawa hutuama chini, kona ya jicho karibu na pua ibanwe dakika moja au mbili, dakika 5 zipite kabla ya tone la dawa nyingine, kama ile ya kupanua mboni isinate.

Matone ya steroidi nayo huzaa mtoto wa jicho na kupandisha presha, kwa hiyo kumwachia mtoto chupa bila kumpima ni kumwongezea balaa. Asiyeweza kuyaacha huhitaji methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, mara moja kwa wiki, si kila siku. Ikishindwa, huongezwa adalimumabu, sindano inayotunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 bila kuganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba hizo mbili pamoja huudhibiti uvimbe wa macho wa watoto hawa vizuri kuliko methotreksati peke yake. Waraka wako unaruhusu badala yake etanasepti, sindano nyingine ya yabisi. Kwa viungo ni dawa nzuri. Kwa jicho haitegemeki.

Chupa tutaziombea tena, tumeshazoea. Sindano nazo tutaandika barua nyingine, ifanyiwe kazi. Leo tunaomba moja: yafute maneno "jicho linapokuwa jekundu", uandike "kila miezi 3 kwa walio hatarini zaidi, kila miezi 6 hadi 12 kwa wengine, hata jicho likiwa jeupe". Ni mstari mmoja, Mheshimiwa. Ufute kabla kliniki hazijaanza kuwarudisha watoto nyumbani.

Wako watiifu, bado tunangoja,

Wagonjwa wa yabisi na wazazi wa watoto wenye yabisi