Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Msimu wa 2024/25: Kibu, Chama na Sisi Tuliobaki

Ndugu wanachama wa tawi letu la Simba hapa Kigoma, wazee wetu, akina mama, na vijana mliofika hapa moja kwa moja kutoka mwaloni Kibirizi,

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Nguvu Moja!

Kila msimu ukiisha ni wajibu wangu kuwaeleza tawi limeishi vipi. Hesabu atazisoma mhazini, na mambo ya kadi na uandikishaji anayo katibu. Mimi nitapita haraka kwenye matokeo, halafu muda wangu mwingi nitautumia kwenye jambo lililotugawa kuliko yote: Kibu Denis, mshambuliaji wetu ambaye hakuripoti kambini Julai 2024. Baadhi yenu mmeniomba niliache kwa kuwa limekwisha. Limekwisha Msimbazi, makao makuu ya klabu. Hapa kwetu lilizungumzwa mara moja, usiku, watu wakiwa na hasira, na tangu hapo kila mtu analisema pembeni.

Matokeo mnayajua. Ligi Kuu tumemaliza wa pili nyuma ya watani wetu Yanga. Walitufunga kwenye Ngao ya Jamii mwezi Agosti, wakatufunga Oktoba kwa bao tulilojifunga wenyewe, na wakatufunga 2-0 tarehe 25 Juni kwenye ule mchezo ulioahirishwa tangu Machi 8. Sitauzungumza zaidi ya hapo, moyo bado unauma. Jean Charles Ahoua ndiye mfungaji bora wa ligi kwa mabao yake 16. Barani tumefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, tukafungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco na kutoka sare 1-1 Zanzibar. Mara ya mwisho Simba kucheza fainali ya Afrika ilikuwa 1993, dhidi ya Stella ya Abidjan, na wengi mliokaa mbele yangu mlikuwa hamjazaliwa. Kombe hatukuleta, lakini mimi naitembea mitaa ya Mwanga hapa mjini nikiwa nimeinua kichwa.

Hapa nyumbani, Novemba 1, timu ilikuja uwanja wa Lake Tanganyika kucheza na Mashujaa, timu ya hapa Kigoma. Mnakumbuka tulivyokuwa na hofu, kwa sababu Aprili 2024, katika uwanja huohuo, Mashujaa walitutoa kwenye Kombe la Shirikisho la TFF, shirikisho la soka nchini, kwa penalti. Safari hii Steven Mukwala alifunga dakika za nyongeza tukaondoka na pointi tatu. Kamati ya mapokezi ilifanya kazi nzuri mno, hasa akina mama waliosimamia chakula cha wageni kutoka matawi ya Kasulu na Kibondo. Nawashukuru.

Michango ya mwanzo wa msimu ilikuwa midogo, na sababu haikuwa uvivu. Serikali ilifunga Ziwa Tanganyika kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wazaliane. Nusu ya tawi hili inaishi kwa dagaa na migebuka: anayevua, anayeanika, anayesafirisha, anayeuza. Miezi mitatu mtu hana kipato, huwezi kumgongea mlango ukidai ada. Wajumbe waliamua tungoje, na ziwa lilipofunguliwa watu walilipa bila kusukumwa. Ninalitaja hili pia kwa sababu usiku ule wa Julai tulipokusanyika kumjadili Kibu, wengi mlikuwa mmekaa bila kazi kwa wiki kadhaa. Hasira za aina hiyo hazitoki kwenye mpira peke yake.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Kibu anatuhusu kuliko anavyowahusu wenzetu wa matawi mengine. Wazazi wake walitoka Kongo kama wakimbizi, na yeye akakulia mkoani kwetu. Uraia wa Tanzania alipewa 2021, mwaka uleule aliotoka Mbeya City kuja Simba. Ndiye aliyefunga bao la pili tulipowachapa watani 2-0 Aprili 16, 2023, na hata katika kile kipigo cha 5-1 cha Novemba mwaka huo, bao letu pekee lilikuwa lake. Ligi Kuu mabao yake yamekuwa machache, na watu wanalisema hilo kila wiki kwenye vibanda umiza. Lakini anakimbia, anakaba, anapigwa viatu anainuka. Kwa watu wa hapa, mtoto mwenye kujituma hivyo hahitaji kutafsiriwa.

Juni 2024 aliongeza mkataba wa miaka miwili. Tukashangilia. Julai timu ikaenda kambini Ismailia, Misri, yeye hakuonekana. Klabu ikatoa taarifa kwamba hakuripoti na kwamba hatua za kinidhamu zitachukuliwa. Baadaye ikajulikana kuwa yuko Norway, anafanya majaribio klabu ya Kristiansund.

Na msisahau nini kilikuwa kimetokea mwanzoni mwa mwezi huohuo. Clatous Chama, nyota wetu Mzambia tuliyemwita mwamba wa Lusaka, alitangazwa Yanga. Tulimpenda tangu 2018, tukamuuza Berkane 2021, akarudi Januari 2022 tukampokea kwa ngoma, kisha akavaa kijani cha watani. Jezi zake namba 17 ziliondolewa mabegani siku hiyohiyo. Kidonda kilikuwa kibichi, Kibu akaja kukitia chumvi.

Kwenye kikao chetu kijana mmoja alisimama akasema maneno ambayo hayakujibiwa vizuri usiku ule, nami nataka kuyapa heshima yake leo. Alisema: mvuvi aliyekula pesa ya tajiri wa mtumbwi huu, kisha usiku akapanda mtumbwi wa mwingine, hapa mwaloni tunamwitaje? Kwa nini mchezaji tumwite jina lingine? Watu walipiga makofi. Na kusema kweli, hoja yake ni nzito. Saini ni saini. Klabu ina haki ya kudai kila siku ya mkataba ule, na sisi tuna haki ya kukasirika.

Ila niliwauliza, na leo narudia: kwa nini mlimchukia Chama zaidi ya Kibu? Mkataba wa Chama na Simba ulikuwa umekwisha. Alikuwa mtu huru, hakumkimbia yeyote, hakuacha kambi. Kibu ndiye aliyekuwa na wino haujakauka. Lakini bango lililopendekezwa kuchomwa lilikuwa la Chama, na la Kibu watu walitaka tu lishushwe. Hatukupima walichokifanya. Tulipima wanakokwenda. Anayekwenda Ulaya tunamnung'unikia, anayekwenda Jangwani, kwa Yanga, tunamlaani. Mimi siwalaumu kwa kuumizwa na Jangwani, hata mimi niliumia. Ninachosema ni kwamba mtu asijifiche nyuma ya neno mkataba wakati kinachomuuma ni utani wa jadi.

Na kuna lingine. Desemba 2022 Feisal Salum alipotangaza kuondoka Yanga, akasema ameweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu kuvunja mkataba, wakamrudishia pesa zake, na Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua kuwa bado ni mchezaji wao, sisi hapa tulisemaje? Tulisema mtoto aachwe atafute maisha. Tulisema mpira ni kazi, na kazi ina mwisho mapema. Kesi ikavutana hadi Rais Samia alipowaalika Yanga Ikulu Juni 2023 na kuwataka wayamalize na kijana, na siku chache baadaye akawa mchezaji wa Azam. Tulifurahi. Mwaka mmoja tu baadaye, aliyetaka kuondoka akiwa wetu, midomo ileile ikasema msaliti. Kama maneno yetu ya 2023 yalikuwa ya kweli, yalitakiwa yabaki kweli hata yalipotugharimu.

Mama mmoja, mfanyabiashara wa dagaa, mwanachama wa siku nyingi ambaye huwa hasemi sana kwenye vikao, alimaliza mjadala ule kwa sentensi moja: "Ana haki ya kunikasirisha, sina haki ya kumtukania mama yake." Ndipo tukaamua mabango yote mawili yabaki stoo, lisichomwe wala kuchanwa lolote. Asiyetaka kushangilia jina la Kibu asilazimishwe. Lakini kuzomea, na kutukana familia, hapana.

Uamuzi huo ulivunjwa na watu wawili katika kundi letu la simu, na hapa sitapunguza sauti. Waliandika kwamba Kibu arudi kwao, kwamba ni mkimbizi tu. Neno hilo, katika mkoa huu! Kambi ya Nyarugusu iko Kasulu tangu 1996. Tumezika nao, tumeoa kwao, tumeuziana mawese na vitenge. Ndani ya tawi hili wapo ambao baba zao walivuka ziwa usiku wakiwa hawana kitu, na ndio wanaolipa ada mapema kuliko wote. Mtu anaweza kusema Kibu kavunja mkataba, nikamsikiliza hadi asubuhi. Akisema kavunja mkataba kwa sababu ya alikotoka, amenivunjia tawi. Mmoja aliomba radhi mbele ya wajumbe na tukamkumbatia. Mwingine alirudisha kadi kwa katibu. Akitaka kurudi, masharti ni yaleyale.

Kibu alirejea kikosini. Nidhamu yake ilikuwa mikononi mwa klabu, haikuwa yetu. Septemba 22 tulipowafunga Al Ahly ya Tripoli 3-1, bao moja lilikuwa lake. Desemba 15, dhidi ya Sfaxien ya Tunisia, tulifungwa mapema, akasawazisha, na dakika za majeruhi akafunga la ushindi, 2-1. Mnajua kelele zilizotoka Mwanga na Ujiji usiku ule. Kijana yule mwenye hoja ya mtumbwi ndiye aliyelitoa bango stoo kwa mikono yake.

Tangu siku hiyo nasikia wanachama wakisema mabao yamemsafisha. Silipendi neno hilo. Kama angepiga nje dakika ile, angekuwa bado mchafu? Tulikubaliana kumstahi Julai, kabla hajagusa mpira wowote, na hiyo ndiyo sehemu ninayojivunia katika taarifa hii yote. Upendo unaosubiri bao la dakika za majeruhi utakuwa na kazi ngumu kwenye klabu yoyote.

Wazee wenzangu watakumbuka Emmanuel Okwi, mshambuliaji Mganda. Tulimuuza Étoile du Sahel ya Tunisia Januari 2013 kwa dola 300,000, mwisho wa mwaka huohuo akatokea Yanga, watu wakaapa hawatamtaja tena. 2014 akarudi Msimbazi. Akaondoka kwenda Denmark, akarudi tena 2017, na msimu uliofuata akafunga mabao 20 ya ligi na kuwa mfungaji bora. Walioapa walikuwa wa kwanza kupeperusha bendera. Mbwana Samatta naye alituacha 2011 kwenda TP Mazembe, Lubumbashi. Laiti angeng'ang'aniwa, tusingemwona Genk wala tusingemwona akifunga bao England akiwa na Aston Villa mwaka 2020. Vijana wanataka njia ile, na wataendelea kuitaka. Wengine wataiomba kwa adabu, wengine watapita dirishani. Sisi hatuwezi kuwazuia tukiwa Kigoma. Tunachoweza ni kuamua tutakuwa watu wa namna gani wakishaondoka, na wakirudi.

Kwa msimu ujao wajumbe wanaleta mambo machache. Runinga ya tawi imechoka, tunaomba mchango wa nyingine kabla ligi haijaanza. Basi la kwenda mechi za mbali tutalikodi mapema, si siku mbili kabla. Vijana wa hamasa wapewe bajeti yao wenyewe, wamechoka kuombaomba rangi na vitambaa.

Na liko la kanuni. Tunapendekeza kiongezwe kipengele kinachosema mwanachama yuko huru kumkosoa mchezaji yeyote kwa kiwango chake, kwa mkataba wake na kwa maamuzi yake, lakini atakayemtukana kwa kabila, asili, dini au familia atasimamishwa hadi mkutano mkuu ufuatao. Kipengele kimguse mchezaji wetu na wa watani sawasawa, Chama naye akiwemo. Najua hapo kwa Chama ndipo kelele zitaanza.

Naomba mjadala wake ufanyike kabla ya hesabu za mhazini, maana dirisha la usajili liko wazi na majina yameshaanza kutajwa. Katibu anayo maandishi yake, anayasoma sasa.