Maswali ya India kwenye chemshabongo yawekewe tarehe

Mhariri,

Swali la "India ina majimbo mangapi?" haliishi hamu kwa watunzi wa chemshabongo za magazeti na mashindano ya maarifa ya jumla shuleni, na jibu la 29 bado linachapishwa. Lilikuwa sahihi kuanzia tarehe 2 Juni 2014, Telangana ilipomegwa kutoka Andhra Pradesh, hadi mwisho wa Oktoba 2019, Jammu na Kashmir ilipovuliwa hadhi ya jimbo na kugawanywa kuwa maeneo mawili yaliyo chini ya serikali kuu. Tangu hapo majimbo ni 28. Maeneo ya serikali kuu nayo yalifika 9, kisha Januari 2020 yakabaki 8 baada ya Dadra na Nagar Haveli kuunganishwa na Daman na Diu. Mtunzi anayenakili kitabu cha 2016 anamkata alama mtoto aliyejibu 28, na mtoto ndiye mwenye haki.

Dawa yake ni ndogo: swali lolote linalohusu idadi, cheo au mji mkuu liandikwe na tarehe ndani yake. "Kufikia Januari 2020, India ilikuwa na majimbo mangapi?" halichachi hata likikaa kwenye jalada miaka kumi. Miji mikuu ndiyo inayoumbua wengi. Hyderabad ilikuwa makao makuu ya Telangana na ya Andhra Pradesh kwa pamoja hadi tarehe 2 Juni 2024. Sasa ni ya Telangana peke yake, na Andhra Pradesh inajenga Amaravati. Chandigarh ni mji mkuu wa Punjab na wa Haryana kwa wakati mmoja, ilhali wenyewe hauko chini ya jimbo lolote kati ya hayo mawili. Majina pia yanahama: Bombay ikawa Mumbai mwaka 1995, Madras ikawa Chennai 1996, Calcutta ikawa Kolkata 2001. Lakini taasisi hazikufuata zote, ndiyo maana chuo kilichofungua tawi Zanzibar mwaka 2023 bado kinaitwa IIT Madras. Mtoto akiandika kwamba kiko Chennai, msimsahihishe.

Kwenye jiografia kasoro kubwa ni swali lisilo na mipaka. Chukua hili: "Mlima mrefu kuliko yote India ni upi?" Mmoja ataandika K2, mita 8,611, kwa sababu ramani zinazochapishwa India zinaionyesha ndani ya nchi hiyo, ingawa eneo lenyewe linashikiliwa na Pakistan. Wa pili ataandika Kangchenjunga, mita 8,586, ulioko mpakani mwa Sikkim na Nepal. Wa tatu ataandika Nanda Devi, mita 7,816, ulioko Uttarakhand. Hakuna aliyebahatisha kati yao, na msahihishaji mwenye jibu moja kwenye karatasi atawaonea wawili. Andika hivi: "Mlima upi ni mrefu kuliko yote iliyo mizima ndani ya eneo linaloshikiliwa na India, bila kugusa mpaka?" Hapo Nanda Devi inasimama peke yake. Ncha ya kusini ina mtego uleule: ya bara ni Kanyakumari, ya nchi nzima ni Indira Point kwenye kisiwa cha Great Nicobar.

Maswali mazuri zaidi ya jiografia ni yale yanayouliza kwa nini. Mto Godavari, kilomita 1,465, unaanzia karibu na Nashik, umbali wa kilomita 80 hivi tu kutoka Bahari ya Arabuni, lakini unaipa kisogo bahari hiyo na kwenda kumwaga maji Ghuba ya Bengal upande wa pili wa nchi. Sababu ni milima ya Ghats ya Magharibi inayouzuia, na uwanda wa Deccan unaoinama kuelekea mashariki. Narmada unakwenda magharibi kwa kuwa unapita kwenye bonde la ufa. Anayeweza kueleza hayo anaijua ramani. Anayetaja urefu wa mto peke yake huenda amekariri tu.

Siasa inahitaji uangalifu zaidi. Vitabu vya zamani vinasema Lok Sabha, bunge la chini, lina viti 545. Viwili kati ya hivyo vilikuwa vya kuteuliwa kwa ajili ya jamii ya Waingereza-Wahindi, vikafutwa Januari 2020. Vilivyobaki ni 543, na wingi wa kuunda serikali ni 272. Kuuliza "Chama gani kilishinda uchaguzi wa 2024?" ni kupoteza karatasi. Mpe mtahiniwa tarakimu afanye hesabu: BJP, chama cha Waziri Mkuu Narendra Modi, kilipata viti 240, na washirika wake Telugu Desam 16, Janata Dal (United) 12. Je, vyama hivyo vitatu vinatosha? Jumla ni 268, pungufu kwa 4, kwa hiyo vyama vidogo vya muungano wa NDA, uliopata 293 kwa ujumla, navyo vina uzito. Swali hilo moja linaeleza kwa nini Modi, aliyetawala tangu 2014 chama chake kikiwa na wingi wake chenyewe, anategemea washirika katika muhula wa tatu.

Tena, Rais wa India hachaguliwi na wananchi moja kwa moja kama wetu. Anapigiwa kura na wabunge waliochaguliwa wa mabunge yote mawili pamoja na wale wa mabunge ya majimbo, wakiwemo wa Delhi na Puducherry. Wabunge wa kuteuliwa hawapigi. Droupadi Murmu alishika kiti hicho Julai 2022.

Kuhusu majibu ya kuchagua: yawe manne, ya aina moja, na yale matatu yasiyo sahihi yawe ndiyo ambayo mtu aliyesoma nusunusu angeyachagua. Ukiuliza nani alikuwa Makamu wa Rais wa kwanza, weka Sarvepalli Radhakrishnan (jibu) na C. P. Radhakrishnan, aliyeapishwa Septemba 2025. Ukimweka Gandhi hapo, umempunguzia mtahiniwa kazi bure. Pia msiulize "lugha ya taifa" ya India: katiba haikutaja hata moja. Kihindi na Kiingereza ni lugha za shughuli za serikali kuu, na Jedwali la Nane linaorodhesha 22.

Idadi ya watu ni tatizo la peke yake. Sensa ya mwisho kukamilika ni ya 2011, watu bilioni 1.21, ya 2021 iliahirishwa. Takwimu zote zilizofuata, hata ile ya Umoja wa Mataifa ya 2023 iliyoiweka India mbele ya China, ni makadirio, na swali liseme hivyo. Mkinakili tarakimu kutoka magazeti ya huko, angalieni mikato: 12,50,000 ni 1,250,000, wala si milioni kumi na mbili na nusu.

Kwa matukio yanayotugusa, yapo mengi kuliko kriketi na filamu. Umoja wa Afrika uliingizwa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, mjini New Delhi tarehe 9 Septemba 2023, mwenyekiti wake wakati huo akiwa Azali Assoumani wa Komoro. Na kama ni lazima kriketi, ulizeni hivi: mechi ikianza Ahmedabad saa 8:00 mchana, Dar es Salaam ni saa ngapi? India nzima, kutoka Gujarat hadi Arunachal Pradesh, hutumia saa moja tu, nayo iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Jibu ni saa 5:30 asubuhi.

Mtunga maswali ya mashindano ya shule,
Tanga