Mazoezi Hukosi, Mbona Pumzi Inapungua?

Hujakosa hata wiki moja. Unakuja, unapasha mwili moto, unakimbia, unanyanyua vyuma. Ila ngazi ulizokuwa ukipanda huku unaongea sasa zinakusimamisha katikati, na uzito uliouzoea unakutetemesha mikono. Wateja wengi wanaotujia sisi walimu wa mazoezi na hali hii huanza kwa kujilaumu: "Nimekuwa mvivu, mwalimu. Niongezee mazoezi."

Hatumwongezei. Kwanza tunaomba daftari lake, lile anamoandika mazoezi na mapigo ya moyo wake.

Kuna dada mmoja anayekimbia mara nne kwa wiki, naye ameturuhusu tusimulie. Kwenye mashine ya kukimbilia, mwendo wa kilomita 8 kwa saa ulikuwa ukimfikisha mapigo ya moyo 142 kwa dakika. Wiki sita baadaye, kwa mwendo uleule na muda uleule, yalifika 160. Mvivu hupunguza mwendo. Huyu hakupunguza chochote, ila moyo wake ulikuwa unalipa zaidi kwa kazi ileile. Tukamsimamisha mbio, tukamwandikia karatasi ya kumpelekea daktari. Vipimo vikaonyesha himoglobini ya gramu 10.4 kwa desilita. Shirika la Afya Duniani huhesabu mwanamke asiye mjamzito kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya 12, na mwanamume akiwa chini ya 13. Himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni, kwa hiyo ikipungua, moyo hulazimika kwenda mbio kuifikisha kwenye misuli. Chanzo kwake kilikuwa hedhi nzito aliyoivumilia kwa miaka akidhani ndivyo wanawake wote walivyo.

Usisikie habari hii ukakimbilia kununua vidonge vya madini ya chuma. Wapo ambao miili yao hulimbikiza chuma, na kwao vidonge hivyo ni madhara. Zaidi ya hapo, mwanamume, au mwanamke aliyekwisha koma hedhi, akikutwa na upungufu wa chuma ni lazima itafutwe sababu, maana huenda damu inavuja polepole tumboni bila yeye kuiona. Muulize daktari pia kuhusu kipimo cha ferritini, kinachoonyesha akiba ya chuma. Akiba inaweza kwisha huku himoglobini bado inasomeka vizuri.

Damu siyo sababu pekee. Tezi ya shingo (thairoidi) ikilegea katika kazi yake, mtu huchoka, huhisi baridi na hunenepa bila kujua kwa nini. Sukari ikipanda, kiu na haja ndogo za mara kwa mara huandamana na uchovu. Anayekoroma sana na kukatikiwa pumzi usingizini anaweza kulala saa nane na kuamka hoi. Baadhi ya dawa za presha hupunguza kasi ya moyo, na mazoezi yakawa mazito ghafla. Hapo zungumza na daktari aliyekuandikia, usiziache mwenyewe.

Tena kuna jambo linalotuuma kuliko yote, kwa kuwa sisi walimu wa mazoezi tunachangia: mtu anaongeza mazoezi na kupunguza chakula kwa wakati mmoja, na sisi tunampigia makofi. Mwili unaokosa chakula cha kutosha huanza kubana matumizi. Hedhi hukatika, mifupa hudhoofika, majeraha hayaponi. Hedhi kukatika siyo dalili ya kuiva kimazoezi, hata kama umeambiwa hivyo na mwanariadha.

Ukipata maumivu ya kifua, ukizimia mazoezini, moyo ukidunda ovyo au pumzi ikikatika umekaa, usije kwetu. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na ukiwa na homa, pumzika mpaka ipone, kwani baadhi ya virusi hushambulia msuli wa moyo.

Kwa wengine wote, kikao chetu kiko hivi. Tunapitia daftari la wiki nane, tunarudia jaribio moja jepesi la mwendo, kisha tunakupunguzia mazoezi hadi nusu kwa wiki mbili. Kama ulikuwa umejichosha tu, mara nyingi nguvu huanza kurudi. Zisiporudi, tunakuandikia ukurasa mmoja wa kumpa daktari, wenye tarehe na namba, maana "nachoka" peke yake haimsaidii sana. Ugonjwa hatutibu, na mtu aliyechoka hatumuuzii virutubisho.

Yule dada alirudi kwenye 145 baada ya takriban miezi mitatu ya matibabu. Chembe nyekundu ya damu huishi kama siku 120, hivyo damu mpya haijengeki kwa wiki moja.

Huna daftari? Anza kesho asubuhi. Kabla hujatoka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa dakika nzima, uandike. Ukija, beba namba hizo, orodha ya dawa unazotumia, na tarehe uliyougua mara ya mwisho.