Barua ya Wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani: Naomba Kuonyeshwa Amri ya Mahakama

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Usalama wa Ndani,
Jamhuri ya Kenya.

KUH: POLISI KUFUATILIA SIMU ZA RAIA BILA IDHINI YA MAHAKAMA

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima inayostahili ofisi yako. Naandika hadharani kwa sababu kila mahali nilipobisha hodi kwa utaratibu niliambiwa nirudi nyumbani nikangoje.

Wiki iliyopita, Alhamisi alasiri, mwanangu ambaye ni dereva wa tuktuk katika steji ya Kongowea hapa Mombasa alishikwa na wanaume waliovaa nguo za kiraia, akaingizwa katika gari lisilokuwa na alama yoyote ya polisi, na wenzake walipouliza kosa lake wakajibiwa kwamba simu yake imeshasema yote. Usiku huo tulizunguka vituo, na kila tulipofika tuliambiwa kuwa jina lake halimo katika kitabu cha matukio. Jumapili aliachiliwa kutoka kituo kimoja ambacho hapo awali kilikana kuwa naye. Hakufikishwa mahakamani wala hakusomewa shtaka lolote, ilhali Ibara ya 49 ya Katiba inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mbele ya mahakama kabla ya saa 24 kupita. Simu yake wamebaki nayo, na tangu hapo hawezi kupokea nauli ya abiria wanaolipa kwa M-Pesa, ambao ndio wengi. Mkopo wa tuktuk hausubiri, na mimi mama yake, ninayeuza viazi karai barazani, ndiye ninayeulipa sasa.

Kosa lake, kama alivyoelezwa humo ndani, ni kwamba ghala moja jirani na soko lilivunjwa usiku na namba yake ikaonekana katika rekodi za mnara wa simu unaohudumia eneo hilo. Mheshimiwa, mwanangu hufanya kazi Kongowea. Namba yake imo katika rekodi za mnara huo kila siku anapokwenda kazini, pamoja na namba za wauza vitunguu, wachukuzi, abiria, mama mboga na watu wote waliolala katika nyumba zilizo nyuma ya soko. Wahenga walisema maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Naona sasa hata kusimama karibu na mahali palipoibwa kunatosha.

Naomba uniruhusu nieleze jambo ambalo maafisa wako wanalijua vizuri kuliko mimi, lakini walilifumbia macho. Simu iliyowashwa huwasiliana na minara hata mwenyewe asipopiga, na kila anapopiga, anapotuma ujumbe au anapoingia kwenye intaneti, kampuni ya simu huandika saa na mnara uliotumika. Mnara kwa kawaida hugawanywa pande tatu, na kila upande huhudumia eneo lenye upana wa mamia ya mita mjini, na kilomita kadhaa mashambani. Rekodi hiyo haisemi mtu alikuwa dukani, msikitini, au kitandani kwake. Inasema tu kwamba laini fulani ilihudumiwa na upande fulani wa mnara fulani. Mnara ukizidiwa na watu, simu huhamishiwa mwingine ulio mbali zaidi, na sisi tunaoishi kando ya bahari tunajua kwamba mawimbi ya simu husafiri mbali juu ya maji, hivyo mtu aliye kisiwani anaweza kuhudumiwa na mnara wa ng'ambo ya daraja. Tena simu si mtu. Simu huazimwa, huibwa, huuzwa mitumba, na katika nyumba nyingi za huku laini iliyosajiliwa kwa jina la baba hutumiwa na mtoto.

Sisemi kwamba teknolojia hii haina faida. Mtoto akitekwa na watekaji wakapiga simu kudai fedha, nami ningetaka polisi wamtafute saa hiyo hiyo, na karatasi za mahakama zifuate asubuhi. Ninachosema ni kwamba wizi wa ghala uliogunduliwa siku kadhaa baadaye haukuwa dharura. Palikuwa na muda wa kutosha kumwendea hakimu, kueleza sababu, na kupewa amri au kunyimwa.

Na sheria ipo, Mheshimiwa. Ibara ya 31 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 inamlinda kila mtu dhidi ya kupekuliwa, dhidi ya kutwaliwa mali yake, dhidi ya habari za maisha yake ya faragha kutakwa au kufichuliwa pasipo ulazima, na dhidi ya kuingiliwa mawasiliano yake. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inamtaka afisa anayehitaji data aiombe mahakamani, kwa kifungu cha 50 ikiwa data ipo tayari, na kwa kifungu cha 52 ikiwa anataka kuikusanya papo kwa papo. Hata hivyo, ukiisoma tafsiri ya data hizo ndani ya sheria yenyewe, utakuta mawasiliano yalikoanzia na yalikokwenda, njia, saa, tarehe, ukubwa na muda. Mahali alipo mwenye simu hapatajwi waziwazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo, katika kifungu cha 51, inafungua mlango wa usalama wa taifa na maslahi ya umma bila kueleza mlango huo unaishia wapi. Nakisia kwamba ni katika mianya hii ndipo desturi imeota: afisa anamjua mtu ndani ya kampuni, au anapeleka barua badala ya amri, na anapata namba zote za mtaa mzima. Kama nakosea, nirekebishwe kwa kuonyeshwa karatasi.

Mwaka huo huo wa 2018, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Carpenter, ambapo polisi walikuwa wamechukua rekodi za minara za siku 127, zenye alama 12,898 za mahali alipokuwa mtuhumiwa mmoja, kwa amri ndogo isiyohitaji sababu za kutosha kama hati ya upekuzi. Majaji walisema upekuzi wa aina hiyo kwa kawaida unahitaji hati kamili ya mahakama, na wakaacha nafasi kwa dharura za kweli. Mtuhumiwa huyo alikuwa akishtakiwa kwa wizi wa kutumia silaha, na bado walimpa ulinzi huo. Mwanangu hajashtakiwa kwa lolote.

Nakukumbusha pia ahadi za serikali unayoitumikia. Oktoba 2022 kikosi maalum cha polisi kilichokuwa kikituhumiwa kuwapoteza watu kilivunjwa, nasi tukaambiwa ukurasa huo umefungwa. Baada ya maandamano ya Juni 2024 vijana wakaanza kuchukuliwa majumbani na barabarani, na kufikia mwisho wa mwaka huo Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 82 waliotekwa. Desemba 2024, akiwa Homa Bay, Rais mwenyewe aliahidi kwamba utekaji utakoma ili vijana waishi kwa amani. Niliisikia ahadi hiyo redioni nikamwambia mwanangu aache kuogopa kurudi usiku. Wazazi wengi waliokuwa wakiwatafuta watoto wao walijiuliza jambo ambalo hadi leo halijajibiwa: waliowachukua waliwajuaje walipo?

Ndiyo maana sikuombi tume mpya wala semina. Naomba mahali alipo mtu, kwa njia ya simu yake, pasichukuliwe bila amri ya hakimu au jaji. Naomba afisa aliyeomba atajwe katika amri hiyo, na muda na eneo viandikwe, ili isije ikaombwa rekodi ya mtu mmoja wakachukuliwa wa soko zima. Naomba pia mtu aliyefuatiliwa ajulishwe baadaye uchunguzi ukiisha, kwa sababu asiyejua kuwa alifuatiliwa hawezi kulalamika popote. Na mwanangu arudishiwe simu yake.

Lakini kama haya yote ni mengi kwa mara moja, basi nina ombi moja ambalo halihitaji Bunge wala bajeti. Kama ipo amri ya mahakama iliyoruhusu rekodi za simu ya mwanangu zichukuliwe, naomba nionyeshwe: namba yake, tarehe yake, na mahakama iliyoitoa. Kama haipo, naomba nijibiwe kwa maandishi kwamba haipo, na jina la afisa aliyezichukua bila amri.

Wako mtiifu,
Mama wa dereva wa tuktuk,
Mombasa.